Kusoma mfumo wa neva na maumivu ukiwa likizo Mtwara au Lindi: mwongozo kwa mwanafunzi wa osteopathia

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa osteopathia (tiba ya misuli, viungo na mgongo kwa mikono) aliyerudi kusini kwa likizo ndefu, mtihani wa mfumo wa neva unamsubiri chuoni, na kitabu chake cha anatomia kila akikifungua usingizi unamkuta ukurasa wa tatu. Anayesoma fiziotherapia au utabibu naye ataokota yake humu. Neva hazibadiliki kwa sababu ya jina la kozi.

Kabla ya hatua yoyote, jambo moja likukae. Maumivu hayasafiri kwenye neva. Kinachosafiri ni taarifa ya hatari. Maumivu huzaliwa pale ubongo unapoipima taarifa hiyo pamoja na mengine mengi (umelalaje, una hofu gani, uliwahi kuumia hapo au la) na kuona kwamba mwili unahitaji kulindwa. Kazi ya neva ya kupokea na kupeleka taarifa ya hatari vitabu vinaiita nosisepsheni, na aliyeanza kuizungumza hivyo ni Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1906. Mwanafunzi asiyetenganisha hivi viwili anaweza kukariri njia zote za neva na bado akashindwa kukueleza kwa nini babu mwenye pingili zilizochakaa analima shamba lake lote, huku kijana mwenye picha safi ya mgongo hawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Hatua ya 1: Anza na mtu anayeumwa

Mitaala mingi huanza na seli, ikapanda hadi tishu, ikafika kwenye ubongo, na mgonjwa anatokea muhula wa mwisho. Ukiwa nyumbani, geuza. Chagua malalamiko matatu ambayo umeyasikia kwa masikio yako. Msimu wa korosho hukosi: mama aliyeinama tangu asubuhi akiokota chini ya mikorosho, jioni anashika kiuno kwa mikono miwili ndipo anyooke. Wa pili anaweza kuwa mvuvi wa Mikindani aliyechomwa na mwiba wa samaki aina ya taa. Wa tatu, bibi mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku.

Kila mmoja mpe ukurasa wake, kisha jiulize maswali haya: taarifa ilianzia kwenye tishu gani? Ilipita neva gani? Iliingia kwenye ugwe wa mgongo usawa wa pingili ipi? Ilivuka upande wa pili wapi? Njiani nani aliiongeza nguvu, na nani aliipunguza? Mwanzoni utajibu swali moja au mawili tu. Hiyo si neno. Kila mada utakayosoma baadaye itakuwa na mtu wa kuning'inizwa kwake, na mtihani ukija utamkumbuka yule mama wa korosho kabla hujakumbuka ukurasa wa kitabu.

Hatua ya 2: Chora njia moja mpaka mkono uizoee

Usichore njia zote. Chora moja, ile inayopeleka taarifa ya hatari kutoka kwenye ngozi ya mguu, na uichore mpaka uweze kuichora ukiwa unapiga soga.

Ina neuroni (seli za neva) tatu. Ya kwanza mwili wake uko kwenye ganglioni (kivimbe cha miili ya neuroni) ya mzizi wa nyuma, kando ya ugwe wa mgongo. Tawi lake moja limefika hadi kwenye ngozi, jingine linaingia kwenye pembe ya nyuma ya ugwe. Hapo inakutana na neuroni ya pili. Hii ya pili ndiyo inayovuka katikati ya ugwe, pingili moja au mbili juu ya ilipoingilia, kisha inapanda upande wa pili kwa njia ya spinotalamiki hadi kwenye talamasi, kituo cha kupokea taarifa ndani ya ubongo. Ya tatu inatoka kwenye talamasi kwenda kwenye gamba la ubongo. Ukiishia hapo umechora nusu tu, kwa sababu kuna matawi mengine yanayokwenda insula na singuleti ya mbele, sehemu zinazohusika na ubaya wa maumivu: ile hali ya kukufanya usitake yaendelee.

Pembeni yake chora njia ya mguso mwepesi na mtikisiko. Hii inapanda kwenye nguzo za nyuma upande uleule ilioingilia, na inavuka ikishafika kwenye medula, sehemu ya chini kabisa ya ubongo, juu tu ya ugwe. Tofauti hiyo ya mahali pa kuvukia ndiyo inayopendwa na watunga mitihani. Mtu akijeruhiwa nusu ya ugwe, upande wa kulia tuseme, chini ya jeraha atapoteza hisia ya mtikisiko na nguvu za misuli upande wa kulia, lakini hisia ya mchomo na ya joto itapotea upande wa kushoto. Charles-Édouard Brown-Séquard ndiye anayetajwa kwa hali hiyo. Ukiweza kuielezea kwa kidole juu ya mchoro wako bila kusita, funga daftari ukaoge.

Mchoro uchore bila kitabu kwanza, halafu sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka siku za mwanzo, na jinsi kurudia kwa kuachanisha kunavyosaidia. Kusoma tena ukurasa uleule kwa macho kunakupa raha ya kudhani umejua.

Hatua ya 3: Pima kasi kwa futi ya fundi cherehani

Umewahi kujikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti. Kwanza kinakuja kitu kikali kama kisu, halafu kimya kidogo, halafu yanakuja yale mazito yanayokufanya ukae chini. Hayo ni makundi mawili ya nyuzi za neva. Nyuzi za A-delta zina ganda jembamba la mafuta linaloitwa mayelini, na hupeleka taarifa kwa kasi ya takriban mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za C hazina ganda hilo, na huenda polepole, nusu mita hadi mita 2 kwa sekunde.

Azima futi. Pima kutoka kidole gumba cha mguu mpaka kiunoni. Kwa mtu mzima ni mita 1 na kitu. Kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, wimbi la kwanza linafika kwenye ugwe kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mita 1 kwa sekunde, la pili linachukua sekunde nzima au zaidi. Kile kimya kidogo ulichokisikia kizingitini ni hesabu hii. Sasa pima kutoka kidole cha mkono hadi shingoni, fanya hesabu tena, na ujiulize kwa nini ukijigonga kidole cha mkono mawimbi hayo mawili hayaachani sana.

Hatua ya 4: Pilipili, mafuta ya ganda la korosho na ngozi inayokasirika

Hapa kaa muda mrefu. Ndipo somo la maumivu linapoanza kueleweka, na kusini tuna mifano ambayo wenzako wa mijini hawana.

Anza jikoni. Mtu akishakata pilipili mbuzi bila glavu, akanawa kwa maji ya vuguvugu, mikono inawaka kana kwamba maji yanachemka. Maji hayajabadilika. Kwenye ncha za neva za hatari kuna mlango unaoitwa TRPV1, ambao kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kapsaisini ya pilipili huufungua mlango huohuo, na ukishafunguliwa hivyo, joto dogo tu linatosha kuufungua tena. David Julius na wenzake waliutambua mlango huo mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya hisia za joto na mguso. (Kwa mwenye mikono inayowaka: paka mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, maji peke yake yanaisambaza tu.)

Sasa nenda kwa wabanguaji. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadiki na kadoli, na yakiruka kwenye ngozi yanaunguza. Mbanguaji mzoefu hupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kushika kazi. Ukimpata aliyeungua siku hiyohiyo, omba ruhusa, usimguse, mwulize tu. Mahali palipoungua patauma hata kwa joto la jua. Hiyo ni haipaalgesia ya kwanza, na chanzo chake ni kemikali za uvimbe, kama bradikinini na prostaglandini, zinazozifanya ncha za neva pale zifyatuke kwa jambo dogo. Lakini mwulize pia kuhusu ngozi ya pembeni, ile ambayo mafuta hayakuifikia. Mara nyingi atakuambia hata ukingo wa shati ukipita hapo anashtuka. Ngozi ile haina jeraha. Kilichobadilika ni pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo: neuroni za pili zimeongeza sauti ya kila kinachoingia, mpaka mguso mwepesi wa nyuzi za A-beta (nyuzi nene za mguso) unasikika kama maumivu. Mguso usiodhuru unapouma tunauita alodinia. Clifford Woolf alionyesha mwaka 1983, kwa utafiti wa wanyama, kwamba jeraha linaweza kuacha ugwe wenyewe ukiwa mwepesi wa kufyatuka hivyo.

Kwa kawaida duara lile la nje hutulia jeraha linapopona. Kwa baadhi ya watu halitulii. Ukilielewa duara la mbanguaji, umeshapata nusu ya maelezo ya maumivu sugu ya mgongo, ya viungo, na ya vidonda vilivyofunga zamani.

Hatua ya 5: Bucha na soko la samaki

Nenda kwa mwenye bucha asubuhi, kabla hajaanza kupasua mgongo kwa shoka, umwombe shingo ya mbuzi mzima mzima. Mweleze ni ya masomo. Atakucheka, kisha atakupa. Mbuzi, kama wewe, ana pingili 7 za shingo lakini jozi 8 za neva za shingo. Hesabu mwenyewe: neva za kwanza mpaka ya saba hutoka juu ya pingili zenye namba yake, ya nane hutoka chini ya pingili ya saba, na kuanzia kifuani kila neva hutoka chini ya pingili yake. Ukishaliona kwa macho hulisahau. Tafuta utando mgumu mweupe unaofunika ugwe, kisha mizizi ya mbele na ya nyuma, na kwenye mzizi wa nyuma kivimbe kidogo: hiyo ndiyo ganglioni uliyoichora hatua ya pili. Vaa glavu, na meza isafishwe kabla ya mtu kuandaa chakula.

Kwa binadamu jumla ni jozi 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, sakramu 5, mkia 1. Ugwe wa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi tu inayoning'inia, kauda ekwina, na tutairudia.

Sokoni angalia pweza. Kilwa na Songosongo watu hutoka kumtafuta maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kwa hiyo mbichi utampata. Pweza ana neuroni kama milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko mikononi, si kichwani. Mkono uliotoka kukatwa ukichomwa bado unajikunja na kujivuta. Je, mkono ule unaumwa? Mjibu mwuza pweza kwa Kiswahili fasaha na utakuwa umeielewa nosisepsheni. Kwako pia mguu unaokanyaga mwiba hunyanyuka kwa amri ya ugwe, kabla ubongo haujasema lolote.

Hatua ya 6: Ramani ya ngozi kwa wanja

Hii ni fupi, ni ya kukariri tu. Chukua kalamu ya wanja, jichore. Herufi ni za neva za ugwe: C shingo, T kifua, L kiuno, S sakramu. Kidole gumba cha mkono ni C6, cha kati C7, kidogo C8. Chuchu ni T4, kitovu T10. Upande wa ndani wa goko ni L4, juu ya unyayo kuelekea kidole gumba L5, ukingo wa nje wa mguu na kidole kidogo S1. Kisha refleksi (msuli kuruka wenyewe ukigongwa): msuli wa mbele wa mkono C5 na C6, wa nyuma C7, goti L3 na L4, kifundo cha mguu S1. Mipaka hutofautiana kati ya mtu na mtu na maeneo hupandiana, kwa hiyo usibishane na mwili wa mgonjwa kwa ajili ya picha ya kitabu.

Kumbuka tu kwamba viungo vya ndani navyo vinatumia milango hiyohiyo. Kidole tumbo kikianza kuvimba, mtu huanza kulalamika usawa wa kitovu. Moyo hupeleka maumivu mkono wa kushoto na taya. Kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) kikikereketwa, huuma bega, maana neva yake inatoka C3 mpaka C5. Osteopathia inaipenda mada hii, na ina haki, ila jihadhari na anayekuambia kila bega linatibika kwa kugusa ini.

Hatua ya 7: Breki zinazotoka juu

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya lango. Walisema kwenye pembe ya nyuma kuna neuroni ndogo zinazoamua taarifa gani ipite, na kwamba nyuzi nene za mguso zinaweza kulifunga lango dhidi ya nyuzi nyembamba za hatari. Ndiyo maana mtoto akigonga goti unamsugua. Baadhi ya sehemu za mchoro wao zimesahihishwa tangu hapo, lakini wazo lenyewe limebaki: ugwe unapima kinachopita.

Na juu kuna breki zenyewe. Kwenye ubongo wa kati, eneo linalozunguka mfereji wa maji ya ubongo hupeleka amri kwenye medula, na kutoka hapo nyuzi za serotonini na noradrenalini hushuka hadi pembe ya nyuma kupunguza au kuongeza. Kupunguza au kuongeza. Wanafunzi wengi huandika la kwanza tu. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen, walitambua enkefalini, dawa za maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Amitriptilini, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya huzuni, hutolewa kwa dozi ndogo kwa maumivu ya neva kwa sababu ya nyuzi hizi zinazoshuka.

Daktari Henry Beecher aliandika mwaka 1946 kuhusu askari wa Marekani waliojeruhiwa vibaya vitani, ambao wengi wao hawakuomba dawa ya maumivu. Jeraha kwao lilikuwa na maana ya kutoka vitani wakiwa hai. Geuza upande wa pili: mwambie mama wa korosho kwamba mgongo wake umeoza, na umekanyaga mafuta badala ya breki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti za picha za mgongo za watu wasioumwa kabisa, ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wote hao hawakuwa na maumivu. Andika takwimu hiyo kwa wino mzito.

Hatua ya 8: Sikiliza watu wanavyoumwa

Maswali ya DN4, yanayotumika kutafuta maumivu yanayotokana na neva yenyewe, yana vipengele 10: saba vya kuuliza na vitatu vya kupima kwenye ngozi. Vinne vikijibiwa ndiyo, neva inashukiwa. Vile vya kuuliza ni kuwaka moto, baridi inayouma, shoti ya umeme, mnyeo (kama kitu kinatambaa kwenye ngozi), kuchomwachomwa na sindano, ganzi na muwasho. Vya kupima ni kupungua kwa hisia ya mguso, kupungua kwa hisia ya mchomo, na kuuma kwa kupitishiwa brashi. Pamba na kijiti cha meno vinatosha kufanyia mazoezi na ndugu yako.

Lakini hakuna bibi atakayekuambia ana mnyeo. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu."
"Pole na miguu. Inakusumbuaje?"
"Ah, inanichoma choma, halafu kama sisimizi wanatambaa. Usiku ndiyo zaidi. Hata shuka silitaki."

Vipengele viwili umeshavipata bila kuuliza, na shuka limekupa dokezo la alodinia. Usiharakishe kusema "yaani ganzi?" maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Nyamaza, aendelee. Anza orodha yako ya maneno: kupwita, kuvuta, kunyonga, kukaza, kukata, kichomi. Maumivu ya kupwita au ya kuvuta mara nyingi hukupeleka kwenye misuli na uvimbe, ya kuwaka na ya shoti hukupeleka kwenye neva, ingawa si kanuni. Huko Newala, Masasi au Nachingwea wazee wengine watajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Mwombe mtu wa nyumbani atafsiri, na mwambie atafsiri maneno yote, si maana tu.

Hatua ya 9: Magonjwa mawili ya kuweka sambamba

Ukoma haujaisha, na Lindi imekuwa miongoni mwa mikoa ambako unaendelea kuonekana. Bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873 hushambulia neva za pembeni: ya alna nyuma ya kiwiko, ya peronea pembeni mwa goti, ya tibia nyuma ya kifundo. Neva hunenepa, ngozi inapoteza hisia, misuli inalegea. Vidole haviozi vyenyewe. Mtu asiyehisi anashika sufuria ya moto na kutembea na mwiba kiatuni, kila siku, bila kujua. Hakuna mfano bora wa kazi ya maumivu mwilini. Dawa zake hutolewa bure na ugonjwa unapona, kwa hiyo baka lisilo na hisia lipeleke kituo cha afya mapema.

Konzo iko upande wa pili kabisa. Imewahi kuripotiwa mkoani Mtwara, na huja pale familia zinapokula kwa muda muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, tena bila protini ya kutosha. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, refleksi za goti zinakuwa kali, lakini hisia za ngozi zinabaki. Hapo kilichoumia ni neuroni za juu za mwendo (zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye ugwe), si neva za pembeni.

Chora jedwali: refleksi, ulegevu au ukakamavu, hisia. Jaza ukoma upande mmoja, konzo upande mwingine. Ukilijaza bila kuchungulia, swali la kutofautisha neuroni ya juu na ya chini limekwisha. Ongeza mstari mmoja kwa mgonjwa wa kifua kikuu mwenye nyayo zinazowaka: isoniazidi hupunguza vitamini B6, na ndiyo maana mara nyingi hupewa pamoja na vidonge vya piridoksini.

Hatua ya 10: Pasipoguswa

Watu wakijua unasoma mambo ya mgongo, watakuja. Jirani atataka umnyooshe, shangazi ataleta chupa ya mafuta ya ufuta. Wewe ni mwanafunzi. Sikiliza, andika, usinyonge shingo ya mtu.

Wengine hawapaswi hata kusubiri kesho. Ganzi sehemu za siri na matakoni, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, miguu yote miwili kulegea: hiyo inaweza kuwa kauda ekwina inayobanwa, na ni dharura ya siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda, au kinundu kinachojitokeza kwenye pingili, yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambao Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Kuusukuma mgongo wa namna hiyo kunaweza kumpoozesha mtu. Aliyeanguka kwenye mnazi, mwenye historia ya saratani, mwenye maumivu yasiyompa nafuu akilala: wote hospitali. Kusini una Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao. Jua iliyo karibu nawe na usafiri wa kufika.

Hatua ya 11: Osteopathia iweke mahali pake

Andrew Taylor Still alianza kuitangaza osteopathia Marekani mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua shule Kirksville, Missouri. Wakati huo hakuna aliyejua lango wala TRPV1, na maelezo ya mfupa uliohama unaobana mishipa yalikuwa na mantiki yake. Leo ukijibu hivyo kwenye mtihani wa maumivu utapoteza alama, na ukimwambia mgonjwa hivyo utampa hofu ya bure. Maelezo yanayosimama vizuri zaidi ni kwamba mguso na mwendo hupeleka taarifa nyingine kwenye ugwe na ubongo, mtu anapata nafuu ya muda, na ndani ya muda huo anarudi kutembea na kufanya kazi. Ni madai madogo kuliko ya zamani. Mimi nayapendelea, kwa sababu unaweza kuyatetea mbele ya mtahini yeyote.

Jizoeze kuyasema kwa sauti, kwa Kiswahili, dakika mbili, kwa mtu ambaye hajasoma sayansi. Kwa mfano: "Mama, mgongo wako una nguvu. Umechoka na kengele yake imekuwa nyepesi kulia. Tutaituliza, na utaanza kutembea kidogo kidogo, hata kama panauma kiasi." Akiuliza "kwa hiyo naumwa kichwani?", hapo ndipo wengi hukwama. Jibu ni hapana: maumivu ni ya kweli, na yako kiunoni pale anapoyahisi, ubongo ndio unaoyatengeneza, kama unavyotengeneza kuona na kusikia, na hakuna anayesema jua analoliona ni la kubuni.

Wiki ya mwisho usiguse mada mpya. Mchoro wa neuroni tatu kila asubuhi, jedwali la ukoma na konzo, ramani ya ngozi, na zile kurasa tatu za wagonjwa wako, sasa zikiwa zimejibiwa maswali yote. Karatasi hizo zibebe kwenye begi la mkononi, usizitupe kwenye buti la basi. Kutoka Mtwara hadi Dar ni safari ndefu, na mpaka Mbagala utakuwa umechora ile njia mara kadhaa.